Ubao wa Viungo

Tarehe kumi na tisa Machi, saa nne asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa amelazwa hospitali ya Haydom siku nane. Tulimzika nyumbani, huku Dirma, upande wa juu wa zizi, mahali alipopenda kukaa akipukuchua mahindi.

Kitu kingine nilichopoteza wiki ile sikukijua mpaka mwezi ulipopita. Ni mpangilio wa makopo yake ya viungo.

Nieleze kidogo, maana mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Nilipokuwa mtoto, kiungo cha nyumbani kwetu kilikuwa chumvi. Tulikula ugali, mlenda, maziwa ya mgando na makande. Nyama ikipatikana inachemshwa na chumvi, na hakuna aliyelalamika. Mke wangu naye alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, upande wa Haydom. Ila kabla hatujaoana alifanya kazi miaka miwili kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa na mgahawa mjini Katesh, na kule alijifunza. Alipokuja kwangu alikuja na sanduku la nguo na makopo manne. Alipoondoka makopo yalikuwa kumi na moja, yote juu ya ubao mmoja jikoni. Yupo jirani aliyekuwa akizunguka njia ndefu ili apite upande ule upepo unakopeleka harufu ya jiko letu. Alikiri mwenyewe msibani, huku analia.

Msiba ukiingia, mwenye nyumba hana jiko tena. Akina mama wa kijiji walikuja na masufuria makubwa, wakapika siku tatu. Walihitaji ule ubao waweke sahani. Makopo ya mke wangu wakayaingiza yote kwenye ndoo ya rangi, wakaifunika ili kitu kisipotee. Walifanya vizuri. Simlaumu mtu.

Siku ya kumaliza msiba, mama mkwe wangu alizungumza mbele ya wazee. Tuna mtoto mmoja, wa kike, yuko darasa la nne. Mama mkwe akasema, "Mwanamume analima, anajenga, anachunga. Nyumba inashikwa na mwanamke. Huyu mtoto nitaondoka naye."

Nikasema, "Mama, naomba unipe muda."

"Muda wa nini?"

Baba yangu mdogo ndiye aliyeniokoa. Akasema, "Mpe mpaka shule zifungwe."

Mama mkwe akafikiri. "Haya. Shule zikifungwa mwezi wa sita nitakuja, nitakula chakula cha hapa. Nikiona mtoto anaishi kwenye nyumba, nitamwacha. Nikiona anaishi kwenye banda la mwanamume, naondoka naye siku hiyohiyo."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Alishika shati langu kwa nyuma, na mimi nikakaa wima ili shati lisimponyoke.

Basi mwishoni mwa Aprili, mvua bado inanyesha, nilifungua ile ndoo. Unyevu ulikuwa umeingia. Vifuniko vingine vilikuwa vimefunguka, vitu vimemwagikiana, na kwenye giligilani kulikuwa na wadudu wadogo wa kahawia wanatembea kama wako kwao. Nilishtuka. Hiki ndicho chakula ambacho mama mkwe atakuja kukila, na wadudu wamemtangulia!

Lakini mimi ni mkulima. Mkulima akiona wadudu kwenye mbegu anajua la kufanya. Marehemu baba yangu alihifadhi maharage ya mbegu kwa majivu miaka yote, na sijawahi kuona dumuzi kwenye maharage ya baba. Nikachukua majivu ya jikoni, nikayachekecha mpaka yakawa laini kama unga wa ngano. Nikachambua punje kwa mikono, giligilani huku, pilipili manga huku, binzari nyembamba huku. Kila moja nikaichanganya na majivu vizuri, nikafunga kwenye vitambaa, nikavining'iniza juu ya mafiga pale moshi unapopita. Jioni ile nilijiona mtu mwenye akili sana. Nikamwita mtoto aje aone.

Aliangalia vile vifurushi vitatu vinavyoning'inia. "Baba, sasa tukitaka kupika?"

"Tunapepeta. Si kama maharage?"

Jumapili tukapepeta. Nilishika ungo mwenyewe, nje, mahali penye upepo. Maharage ukiyapepeta, majivu yanaruka na maharage yanabaki, maana yana uzito. Sikukumbuka kwamba binzari haina uzito wowote. Nilirusha ungo mara mbili, binzari yote ikaondoka na upepo kuelekea zizini, na majivu mengine yakabaki yametulia kwenye ungo. Kuku walikuja mbio, wakadonoa, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Machi. Nikarusha na mara ya tatu, bila sababu, ili acheke tena.

Kilichobaki nilikipikia mchuzi wa nyama. Mtoto alikula wote, akanywa maji vikombe viwili, akasema kwa adabu, "Baba, ni mtamu. Ila unakwaruza meno."

Siku ya pili nilipanda bodaboda mpaka Katesh, moja kwa moja kwa yule mama aliyemfundisha mke wangu. Siku hizi mgahawa amewaachia wakwe zake, yeye ana duka la viungo na nafaka. Nilimkuta amekaa nyuma ya magunia ya mchele, na wanawake wawili wanachagua vitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole sana, baba. Nilikuja kuzika, sijui kama uliniona."

"Nilikuona, mama. Asante."

Nikamweleza shida yangu. Nilipofika kwenye majivu akanyanyua mkono kunisimamisha.

"Rudia hapo."

"Nilichanganya na majivu."

"Majivu gani?"

"Ya jikoni. Niliyachekecha."

Akawaangalia wale wanawake, nao wakamwangalia. "Jamani," akasema, "huyu baba ameihifadhi binzari kama maharage!" Wakacheka wote watatu. Mmoja akaniuliza, "Na iliki, baba, hukuipiga dawa ya mahindi?" Mwingine akasema, "Mwache, msimu ujao ataipanda kwa trekta." Nilisimama pale na kofia mkononi, na sijui kwa nini, nikacheka nao. Ilikuwa raha kucheka Katesh mchana kweupe.

Kisha akanifundisha, na alifundisha kama mwalimu mzuri, mambo machache yaliyonyooka. Nunua nzima, usinunue ya unga, maana ya unga inapoteza harufu haraka na huku kwetu kwenye ukungu inagandamana. Ikishika unyevu, ikaange kidogo kwenye sufuria kavu. Acha ipoe kabisa kabla ya kufunga kopo, ukifunga ya moto inatoa jasho, na jasho ndilo linaleta ukungu. Usiweke juu ya moto, moshi unaua harufu. Saga ya kupikia siku hiyo tu. Kila kitu alinipa ninuse kwanza, na mimi nilinusa kama mtu aliyetolewa pamba puani. Iliki! Nimeinywa kwenye chai miaka kumi na nne na sikuwahi kujua sura yake. Nilidhani ni unga. Kumbe ni kitu cha kijani chenye maganda, na ndani kuna mbegu nyeusi zinazonata.

"Na kupanga, mama? Nipange vipi kwenye ubao?"

"Hilo sijui. Nilimfundisha mpangilio wangu, akaukataa. Akaniambia, 'Mama, mimi nitakuwa na wangu.' Alikuwa mbishi huyu mtoto." "Ukiupata, njoo unionyeshe."

Nilirudi na mfuko umejaa. Pembeni ya kulima mimi hutengeneza milango na mizinga ya nyuki, kwa hiyo jambo la kwanza nililofikiri ni kuutengeneza ubao. Ulikuwa mweusi wa masizi. Upo ukutani karibu na mlango, nyuma ya anayepika, si juu ya mafiga, lakini masizi hayachagui ukuta. Nikasema nitaupiga randa uwe mweupe, mama mkwe akiingia aone ubao mpya. Nikachukua randa, nikapanda juu ya kigoda, nikafungua mlango wote ili nipate mwanga.

Jua la saa tisa liliingia limelala, likapita juu ya ubao. Nikaona miduara.

Mahali kila kopo liliposimama miaka yote, masizi hayakufika. Mbao ilikuwa imebaki na rangi yake, duara baada ya duara, kubwa, dogo, dogo, kubwa, na alama moja ya pembe nne. Nikahesabu. Kumi na moja! Randa ilikuwa mkononi mwangu. Ningeisukuma mara moja tu, basi. Niliteremka kwenye kigoda polepole, nikaiweka randa nje kabisa, kama mtu anayetoa nyoka nyumbani. Kisha nikapiga kelele ya kumwita mtoto, na jirani akatoka akidhani ng'ombe amekanyaga mtu.

Tulifanya kazi ile mpaka kuku wakaingia kulala. Kopo la kahawa kwenye duara lake, linaingia sawasawa kama mguu kwenye kiatu. Chupa ya jamu kwenye duara lake. Kopo la majani ya chai kwenye pembe nne. Makopo mawili ya maziwa ya unga yalitusumbua kwa sababu yanalingana, mpaka mtoto akaona duara moja lina mstari mwekundu wa kutu, na kopo moja lina kutu chini. Alilishika juu kama amekamata sungura. "Baba! Baba! Ni hili!"

Hapo tukajua kila kopo linakaa wapi, lakini si kila kopo lilikuwa la nini, maana ndani mlikuwa mmechanganyika au mmebaki mavumbi. Tukanusa vifuniko. Kopo linaweza kuoshwa, kifuniko hakisahau. Mimi nanusa, natoa jina, yeye ananusa, anakubali au anakataa. Alinishinda mara nyingi. Mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, binzari nyembamba. Kisha nafasi tupu ya upana wa kiganja. Manjano, giligilani, pilipili kali. Nafasi tena. Tangawizi, halafu kopo moja lililotupinga, halafu mchaichai kwenye lile la pembe nne.

Lile lililotupinga lilinuka iliki. Nikasema tumekosea, iliki tumeshaipata mwanzoni. Nikarudia kunusa yote mawili. Iliki na iliki. Nilitaka kuanza upya.

Mtoto akasema, "Chai ya asubuhi mama alikuwa anachukua huku." Akaonyesha mwisho wa ubao, upande wa kulia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Hakupanga kwa jina wala kwa ukubwa. Alipanga kwa sufuria! Vitano vya kwanza ni pilau, vitatu vya kati ni mchuzi, vitatu vya mwisho ni chai. Iliki inaingia kwenye pilau na inaingia kwenye chai, basi ina makopo mawili, ili asubuhi, macho bado yana usingizi, mkono usitafute. Niliruka. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, niliruka jikoni, kichwa kikagonga boriti. Nilikuwa na furaha kama siku aliponikubali, na nilipoijua furaha ile nikaona aibu, maana udongo wa kaburi ulikuwa haujashuka. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi na niliona aibu saa ileile, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa.

Mwezi wa tano nilipika kila Jumapili. Wanaume wenzangu walipita wakiuliza kwenye ua, "Mama wa nyumba yupo?" Nami nawajibu, "Yupo, ingieni aweke chai." Waliingia. Walikunywa vikombe viwili viwili. Nilijifunza kukaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia bila kuungua, jambo gumu kuliko kupiga bawaba. Pilau yangu ya kwanza ilikuwa uji. Ya nne ilikuwa chakula.

Mama mkwe alikuja wiki ya pili ya mwezi wa sita, wakati wa baridi, mlima umevaa ukungu mpaka kiunoni. Nilikuwa nimeamka mapema, nimepika tayari, nimefagia, nimefuta makopo. Alishuka kwenye bodaboda na mkoba mdogo. Mkoba ule ulinitisha, maana niliona una nafasi ya nguo za mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Karibu."

Alikula sahani nzima, akanawa mikono, akasimama, akaingia jikoni. Nilibaki nje. Kwetu mwanamume hamfuati mama mkwe wake jikoni. Nilisikia kifuniko kinafunguliwa, kingine, kingine. Alipotoka, uso wake ulikuwa umefungwa.

"Nani yuko hapa?"

"Sijaelewa, mama."

"Usinifanye mjinga. Ule ni mkono wa mwanamke. Makopo yamekaa kama alivyoyaweka mwanangu mwenyewe. Mwezi wa tatu tumezika, mwezi wa sita umeshamwingiza mtu jikoni, na umemfundisha na kupanga!"

Kwa miezi miwili niliogopa jiko lisipendeze. Sikufikiri hata siku moja kwamba litapendeza kupita kiasi.

"Hakuna mtu, mama. Ni mimi."

"Wewe."

"Mimi na mtoto."

"Wewe, ambaye mke wako akiugua ulikuwa unakula ugali na maziwa siku nne?"

Hilo lilikuwa kweli. Nikasema ni kweli.

Akamwita mtoto. "Lete nguo zako."

Mtoto hakusogea. Akanitazama mimi. Nikaona nisiposema kitu sasa, sitasema tena maisha yangu. "Mama," nikasema, "mchele bado upo. Ingia ukae kwenye kigoda, nipike mbele yako."

Hakuna anayefanya hivyo huku. Mwanamume kukoroga sufuria mbele ya mama mkwe ni fedheha kwake na kwa mama mwenyewe. Alinitazama muda mrefu, kama anatafuta utani usoni mwangu.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Bibi," mtoto akauliza, "tutakula mara mbili?"

"Mtakula mara tatu kama itabidi. Washa moto."

Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono ndani ya khanga. Mimi nikamenya vitunguu. Mwanzoni nikajikata kidole, nikakifunga. Mafuta yalipopata moto nikageukia sufuria, nikanyoosha mkono wa kushoto nyuma yangu kwenye ubao. Mdalasini. Nikarudisha. Iliki. Karafuu. Sikugeuza kichwa, maana kitunguu chekundu hakikusubiri. Mkono ulikwenda wenyewe, ukarudi wenyewe. Pilipili manga. Binzari nikaiponda kwenye kinu kidogo, nikaimwaga, na harufu ikapanda, na jinsi ilivyopanda nikamsahau mama mkwe. Nakiri hivyo. Kwa muda ule sikumwogopa kabisa. Nilimwambia mtoto, "Sikia hiyo! Sikia!" kama tuko wawili tu.

Tulipofunika sufuria ndipo nikamkumbuka. Alikuwa amesimama mbele ya ubao. Alikuwa amenyanyua kopo la kahawa na anaangalia duara jeupe lililokuwa chini yake. Nikamweleza miduara ilivyonionyesha njia. Mtoto akamweleza ile ya kutu, na iliki mbili, kwa haraka sana, bila kupumua. Mama mkwe aliweka kidole ndani ya duara, akakizungusha, akakiangalia kama kimeshika masizi. Hakikushika. Akalirudisha kopo mahali pake.

Pilau ile ya pili tulikula wote watatu mle mle jikoni, kutoka sinia moja. Haikuwa nzuri kama ya kwanza. Niliongeza maji kwa wasiwasi, mchele ukalegea. Hakusema lolote juu yake. Alipomaliza akasema, "Mtoto atabaki. Shule zikifungwa Desemba nitakuja tena." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Alilala kwetu siku moja. Asubuhi nilimpeleka Katesh kupanda basi la Haydom, mtoto akiwa katikati yetu kwenye pikipiki ya kuazima. Stendi kulikuwa na baridi na watu wengi. Alipanda, akapata kiti cha dirishani. Basi lilipowashwa alifungua kioo, akatoa kichwa, abiria wote wakimsikia.

"Wewe baba!"

"Naam, mama!"

"Mchele wa jana! Punguza maji!"

Akafunga kioo, na basi likaondoka.